Korona ya Korogwe Yatajwa Magdeburg

Mjomba,

Ulitaka nikueleze usaili ulivyokwenda. Haya, mimina kahawa.

Kiwanda kinatengeneza pampu, hapahapa Magdeburg. Niliitwa saa tano kamili. Nilifika saa nne na nusu, nikazunguka uzio mara tatu kwenye baridi, maana huku kuwahi kupita kiasi nako ni kukosa adabu. Kuingia tu kwenye korido, fundi mmoja akanitupia neno: "Mahlzeit!" Nalijua hilo, ni wakati wa chakula. Nikajibu kama mama alivyonilea: "Ahsante, nimeshakula." Wa pili naye, "Mahlzeit!" Nikamwambia nimeshiba. Wa tatu nikaona sasa nitaonekana nina maringo. Nilishaanza kumfuata nikanawe mikono, mpokea wageni akaniwahi. Kumbe ni salamu tu ya viwandani inapokaribia adhuhuri. Hakuna anayekukaribisha ubwabwa.

Mezani walikuwa wawili: mama wa utumishi na mhandisi mzee. Mama akauliza uzoefu wangu. Kwa Kijerumani changu cha kuungaunga nikajibu kwa fahari: "Nimeishi na Korona miaka sita, hata zamu za usiku." Kiti chake kikarudi nyuma. Nikadhani hajaelewa, nikaongeza: "Kwetu Korogwe kila kiwanda cha mkonge kinayo. Ikikosekana siku moja, tunalia!"

Wewe uliyezeeka ukiilisha mashine hiyo majani, Mjomba, unanielewa. Wao waliona maradhi. Nikaomba karatasi, nikachora: jani linabanwa na kamba, linapitishwa kwenye ngoma zenye visu butu, maji yanamwagika, nyama inachubuka, singa zinabaki. Mzee akavua miwani. "Corona ya Grusonwerk!" Kumbe mashine hizo zilitengenezwa mji huuhuu! Kampuni ya Krupp ilikichukua kiwanda cha Grusonwerk mwaka 1893, mwaka uleule Richard Hindorf alioleta mkonge Tanga, miche 62 tu ikiwa hai kati ya 1,000. Mzee alidhani zote zimeshakuwa chuma chakavu.

"Beringi ikianza kufa, mnajuaje?"

"Kwa bisibisi."

Akanipeleka karakana, pampu inazunguka. Nikagusisha ncha kwenye bodi ya pampu, mpini sikioni. Kokoto! Ila kokoto hazimo: maji yakikosa presha upande wa kuvuta huchemka yakiwa baridi, na viputo vikipasuka ndivyo hulia hivyo. Nikasema, vali ya kuvuta haijafunguka yote. Mzee akacheka hadi akakohoa. Aliibana mwenyewe asubuhi.

Kilichoniponza ni mshahara. Mama aliuliza nataka kiasi gani, nikasema, "Tutaelewana tu." Kimya. Wanataka tarakimu, tena ya mwaka mzima, kabla ya kodi. Mimi nilijiandaa na ya mwezi. Nikazidisha harakaharaka, kwa kumi badala ya kumi na mbili. Miezi miwili nimeshawapa sadaka, na ajira yenyewe sijapata. Watanijibu baada ya wiki mbili.

Mzee alinisindikiza hadi getini. Anaomba picha ya lile bamba la kiwandani kwenye Korona yetu. Lifutwe grisi kwanza. Na tafadhali Mjomba, usisimame mbele yake. Mara ile niliomba picha ya mnazi wa bibi, nikaletewa koti lako.

Mpwa wako,
Magdeburg