Nusu Saa ya Gredi ya Pili

Kila anayepita shuleni kwetu hapa Siakago ana dawa ya kuwafanya watoto wasikilize. Mkaguzi anayo, mzazi anayo, hata kijana wa bodaboda anayenileta asubuhi ana yake, na hunipa bure huku nimeshikilia kofia isipeperuke. Wa juzi alikuja na semina nzima. Watoto wa siku hizi hawatulii, akatuambia, kwa hiyo mwalimu abadilishe sauti, azunguke darasani, aimbishe, apigishe makofi. Jamani! Mimi huyu naimba na kupiga makofi tangu Januari. Nikifutwa kazi leo, harusi zote za Mbeere Kaskazini zitanigombania.

Hebu tuhesabu. Kipindi cha gredi ya pili ni dakika 30. Ndivyo mtaala wa umilisi unavyosema. Dakika za mwanzo zote ni za penseli: kuna aliyeisahau, kuna aliyeivunja, kuna anayedai ile ya mwenzake ndiyo yake, na mashahidi anao. Kisha mmoja anaomba ruhusa ya kwenda chooni. Ukimpa, vibofu vya safu nzima vinajaa kwa mpigo. Tukishatulia, kitabu kikafunguliwa, kidole kikawekwa penye silabi, inapita pikapu ya muguka.

Asiye wa huku hawezi kuelewa. Muguka ni majani ya kutafunwa; ukichumwa leo ni lazima uanze safari leo, maana ukinyauka hauna mnunuzi. Dereva basi hana habari na shule wala matuta. Darasa zima linageuza shingo, na kabla vumbi halijatua wameshabishana ile ni gari ya nani, imebeba muguka wa shamba gani, na kama breki zilitengenezwa. Watoto hao hao hawatofautishi sauti ya b na ya mb, lakini injini mbili zikipishana barabarani watakutajia wenyewe. Mei 2024, Mombasa, Kilifi na Taita Taveta zilipopiga marufuku muguka, nilikuwa nafundisha siku za wiki. Mkono ukainuka kule nyuma, wa mtoto asiyeuliza kitu tangu azaliwe. Nikafurahi, nikawanyamazisha wengine wamsikilize.

“Mwalimu, Mombasa wamefungua?”

Ikikaribia saa nne, harufu ya uji inaingia madirishani. Hapo sigombani na mtu. Mtoto aliyeondoka nyumbani na chai ya rangi tumboni, akatembea huku amebeba kidumu cha maji ya shule, ana haki ya kumsikiliza mpishi kuliko mimi. Kama mnataka kunipa dawa, anzeni na ya hapo: leteni mahindi na maharagwe, muache semina.

Shosho mmoja, jirani wa shule, yeye huniita kwenye ua. “Mwalimu, kiboko kiko wapi?” Namweleza kwamba kiboko serikali ilikipiga marufuku mwaka 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikakazia. “Ndiyo maana,” anasema, na kuendelea kupepeta pojo zake. Mimi nilisoma enzi za kiboko, nami nakumbuka tulivyotulia. Tulitulia kweli. Macho yetu yalikuwa kwenye mkono wa mwalimu kutwa, yakipima umeinuka kiasi gani. Kilichoandikwa ubaoni alikijua yeye na chaki yake.

Wengine waliweka imani kwenye mashine. Vishikwambi vilianza kusambazwa shuleni mwaka 2016, vyetu navyo vikawekwa stoo, chini ya kufuli mbili, visije vikaguswa na wanafunzi. Siku vilipotolewa, darasa lilikuwa kimya hata nikaogopa. Hakuna aliyeomba kwenda chooni. Nikasogea kuona somo linavyowaingia, nikakuta kila mmoja anampiga picha jirani yake akiwa ametoa ulimi.

Anayenichosha kuliko wote ni kijana mmoja wa kiti cha dirishani. Mama yake aliniambia mbele ya kikao cha wazazi kwamba mtoto hana makini, na mwalimu anamtazama tu. Nikaanza kumfuatilia. Wiki hiyo ndege akatua kwenye kizingiti cha dirisha. Wenzake wanasoma kwa sauti, yeye ameganda, hapumui. Mkono ukashuka taratibu mezani, ukapapasa, ukakamata kifutio. Alivyokirusha sikuona, nilimwona ndege tu akiondoka na mkia uliopungua manyoya mawili.

Kumbe wikendi zake zote yuko shambani anaamia ndege. Mtama ukianza kukomaa huku kwetu, kweleakwelea hushuka kundi zima, na ukipepesa macho umebakiwa na mabua. Kuanzia alfajiri hadi giza, kombeo mkononi, hakuna kuimbishwa, hakuna makofi, hakuna kengele kila baada ya dakika 30.

Alhamisi mama akaja tena, safari hii kwa upole, leso imefungwa vizuri.

“Mwalimu, naomba uniachie huyu kesho na wiki ijayo. Ndege wameingia.”

“Mama, si ulisema hana makini? Mchukue kakake yule wa gredi ya saba.”

“Yule!” Akacheka hadi akashika mlango. “Yule ataangalia simu mtama uishe. Huyu hapepesi macho.”

Nilipogeuka kumtazama mwanafunzi wangu, alikuwa ameshafunga mkoba na kusimama.