Barua ya Wazi kwa CERN: Protoni Zenu Zinapita Njia ya Panya

Kwa Mkurugenzi Mkuu,
Shirika la Utafiti wa Nyuklia la Ulaya (CERN),
Geneva, Uswisi.

YAH: MWISHO WA ULIMWENGU NA FOLENI YA TUNDUMA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mheshimiwa, nakuandikia kutoka Tunduma, mkoa wa Songwe, mahali ambapo Tanzania inaishia na Zambia inaanzia kati ya muuza chapati na mbadilisha kwacha. Kazi yangu ni karatasi za mizigo. Shaba inatoka Zambia na Kongo kwenda bandari ya Dar es Salaam, mafuta na mbolea vinakwenda upande wa pili, na mimi niko katikati na faili langu kwapani. Kwa hiyo nikisikia neno mpaka, masikio yangu husimama.

Nimesikia kwamba mtambo wenu mkubwa wa kugonganisha chembe umechimbiwa mita kama 100 chini ya ardhi, katika duara la kilomita 27, na kwamba duara hilo sehemu liko Uswisi na sehemu liko Ufaransa. Protoni inalizunguka mara 11,245 kwa sekunde moja, na kila mzunguko inavuka kwenda na kurudi. Haigongewi muhuri. Haina manifesti. Haimsalimii mtu yeyote dirishani. Hapa kwetu kitu kinachovuka kwa mtindo huo tunasema kimepita njia ya panya, na mwenye nacho akikamatwa hujieleza mbele ya watu. Sisi tuna kituo cha pamoja cha forodha, kilichozinduliwa tarehe 5 Oktoba 2019 na marais wa nchi zote mbili, ili lori lisimame mara moja badala ya mara mbili. Na kweli linasimama mara moja. Litasimama kwa muda gani, hilo halikuwemo kwenye hotuba.

Lakini sijaandika kwa wivu peke yake. Dereva mmoja aliyekaa sana kwenye foleni alituambia kijiweni kwamba mtambo wenu utaumeza ulimwengu wote, na kwamba ndiyo maana haoni sababu ya kuharakisha mzigo. Kijiwe kikagawanyika. Nikaombwa, kama mtu ninayejua kukagua, niwakague. Nimewakagua.

Mashtaka niliyoyakuta ni matatu. La kwanza, mtatengeneza shimo jeusi dogo, litatua chini na kuanza kuitafuna dunia kutoka tumboni. La pili, mtazalisha maada ya ajabu ambayo kila ikiguswa na maada ya kawaida huigeuza ifanane nayo, kama uvumi wa bei ya sukari kupanda unavyogeuza maduka yote. Haya mawili nitayapita haraka, kwani usingizi wangu uliondoka na la tatu. Tatizo ni kwamba nililielewa.

Wanafizikia wanasema ombwe, yaani nafasi tupu yenyewe, huenda halijakaa chini kabisa. Limekaa kama lori lililoegeshwa kwenye kishimo juu ya mlima: limetulia, breki hazina neno, ila bonde lenyewe liko mbali huko chini, na katikati pana tuta. Kwa nguvu ya kawaida lori halivuki tuta. Lakini chembe ndogo zimepewa ruhusa ya ajabu: kisicho na nguvu ya kupanda tuta kinaweza kuonekana upande wa pili bila kulipanda. Nyinyi mna jina lenu la kitaalamu. Sisi jina tunalo tangu mpaka uchorwe. Sidney Coleman na Frank De Luccia waliandika mwaka 1980 nini kitatokea ombwe likipita njia hiyo ya panya: litaanza povu mahali pamoja, litatanuka kwa kasi inayokaribia ya mwanga, na ndani yake kemia tunayoijua haitakuwepo. Hakuna atakayepata taarifa, maana taarifa nayo haiushindi mwanga mbio. Hata makundi ya WhatsApp ya Tunduma, ambayo hujua lori limepinduka kabla dereva hajajua, yatachelewa.

Halafu mkaongeza chumvi. Tarehe 4 Julai 2012 mlitangaza kuipata chembe ya Higgs, na hesabu zilizofanywa kwa uzito wake zinaonyesha kwamba ulimwengu wetu huenda umekaa karibu kabisa na mstari unaotenganisha kutulia na kuporomoka. Mpakani! Mheshimiwa, karibuni Tunduma. Hizo hesabu zinasema pia kwamba kuporomoka kwenyewe kungechukua muda mrefu kuliko umri wote wa ulimwengu hadi leo, jambo ambalo mtu wa foleni hulipokea bila mshangao.

Sasa utetezi wenu. Mwaka 2008 ilitoka ripoti ya kamati yenu ya wanafizikia watano, John Ellis, Gian Giudice, Michelangelo Mangano, Igor Tkachev na Urs Wiedemann, waliopitia upya suala la usalama. Hoja yao kuu naikubali, na sababu ya kuikubali ninayo hapa mkoani. Kijiji cha Ndolezi, wilaya ya Mbozi, kuna Kimondo: bonge la chuma lenye urefu wa mita 3 na uzito unaokadiriwa kuwa tani zisizopungua 12. Wazee walilijua zamani sana, lakini hawana simulizi ya siku lilipoanguka. Wageni ndio waliliingiza kwenye vitabu vyao mwaka 1930. Mbingu haikuomba kibali cha kulitupa. Na Kimondo ni kile tunachoweza kukiegemea tukapiga picha. Kisichoonekana ni miale ya chembe kutoka angani inayogonga hewa juu ya vichwa vyetu usiku na mchana, nyingine zikiwa na nguvu ambazo mtambo wenu hautazifikia. Tarehe 15 Oktoba 1991, huko Utah, Marekani, ilinaswa chembe moja tu iliyobeba nguvu ya mpira uliotupwa kwa mkono. Chembe zenu mbili zikigongana, nguvu ya mgongano huo ni ya mbu kumi na wachache wanaoruka. Kamati ilipiga hesabu kwamba asili imeshaifanyia dunia hii majaribio yanayolingana na programu nzima ya mtambo wenu mara kama 100,000. Dunia ipo. Mahindi ya Mbozi yapo, kahawa ipo.

Mbishi mmoja kijiweni alisema mashimo meusi yanayotokana na miale ya angani hupita dunia kwa kasi na kutokomea, wakati ya kwenu yanaweza kubaki. Hoja nzuri. Lakini kuna nyota zilizoshindiliwa kiasi kwamba zingeyanasa hayo yanayopita mbio, na nyota hizo bado tunaziona. Mbishi akaagiza kahawa nyingine.

Mzigo wenu umeruhusiwa.

Hata hivyo kumbukumbu zenu zinachekesha. Watu wawili waliwashtaki Hawaii mwezi Machi 2008. Septemba mahakama ikasema haina mamlaka, sentensi tunayoifahamu vizuri huku. Siku chache kabla ya uamuzi, tarehe 19 Septemba, mtambo ulikuwa umejisimamisha wenyewe: kiungo kimoja cha umeme kati ya sumaku kilikuwa kimelehemiwa vibaya, tani kadhaa za heliamu zikamwagika, mkakaa zaidi ya mwaka bila kazi. Tunduma kuna vijana wa kulehemu wangekuja kwa nauli tu. Mwaka 2009 kikakutwa kipande cha mkate kwenye mitambo ya umeme, akashukiwa ndege. Mwaka 2016 kicheche akatafuna waya wa transfoma. Mtambo uliosemwa utaumeza ulimwengu, ulimwengu ndio unaoula, tonge kwa tonge.

Hapa ndipo nilipotaka kufika. Adrian Kent, mwanafizikia wa Cambridge, aliandika mwaka 2004 kwamba hatari ndogo ikigusa watu wote haipaswi kuitwa ndogo kirahisi. Ni hesabu ya duka. Tuseme nafasi ya kuangamia ni moja katika milioni 50. Watu ni bilioni 8. Gawanya: kwa wastani wa karatasi umepoteza watu 160. Ndiyo maana mliunda kamati, mkaandika ripoti, mkaijadili, mkaitangaza, kwa hatari ambayo mwisho wake mlisema haipo.

Tarehe 10 Agosti 2019, pale Msamvu, Morogoro, lori la mafuta lilipinduka, watu wakaenda kuchota, moto ukawaka. Walikufa zaidi ya watu 100. Hao si wa wastani wa karatasi. Hapo sina mzaha wowote.

Na usiku huu ninapoandika, lori la petroli limesimama kwenye foleni, na hatua chache kutoka tairi la nyuma mama lishe anapuliza mkaa wa maharage. Utingo amelala chini ya tela. Hakuna mwanafizikia hata mmoja. Hatari yenu ina wataalamu watano na haijawahi kumuunguza mtu; yetu ina harufu, na tumeizoea kama tulivyozoea vumbi.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, ombi langu ni dogo. Mtuazime ile kamati kwa wiki mbili. Wakae kwenye benchi la mama lishe, wahesabu uwezekano wa cheche kukutana na mvuke wa petroli, waandike ripoti kwa lugha ileile kavu, na waitangaze kwa sauti ileile. Chai juu yangu. Nasikia pia kwamba mwaka 2025 mmetoa upembuzi yakinifu wa duara jipya la kilomita 91. Ukilinyoosha likaanzia hapa, unakaribia kufika Mbeya. Hakuna nchi hata moja ya Afrika iliyo mwanachama kamili wa shirika lenu, lakini povu likianza halitauliza uanachama. Basi safari hii mtuulize kabla ya kuchimba. Tutakubali. Tunachotaka ni kuulizwa tu.

Wako katika ujenzi wa ulimwengu,
Mtu wa karatasi za mizigo, Tunduma.

Nakala: Kimondo, Ndolezi, kwa taarifa.

N.B. Wakati nafunga barua hii foleni imesogea. Lori la petroli limekwenda mbele kama mita 20, na mama lishe amebeba jiko lake, amelifuata.