Eti Nimedhani Nini?

Jamani, kichwa changu kina matatizo yake, sikatai. Ila Jumamosi nimedhalilishwa na mtoto niliyembeba mgongoni mwenyewe.

Mpwa wangu anajiandaa na LSAT, ule mtihani wa Wamarekani wa kuingilia vyuo vya sheria. Upo tangu 1948, kwa hiyo umenizidi umri na akili. Kilichonivutia ni maksi, zinaanzia 120! Yaani ukose yote, usinzie, ukorome, 120 zako mkononi. Nikasema huu ndio saizi yangu, nikajitolea kumsaidia. Baadaye ndio naambiwa mwisho ni 180, na hiyo 120 ni sifuri iliyovaa suti.

Akanipa swali. Mji umefunga taa barabarani. Ajali za usiku zimepungua. Kwa hiyo taa ndizo zimepunguza ajali. Tafuta dhana iliyofichika.

Imefichika wapi? Nikageuza karatasi. Nyuma peupe. Nikavua miwani, nikaifuta na shati, nikavaa. Maneno yaleyale. Mtoto ananitazama kama nesi anavyomtazama mgonjwa aliyecheleweshwa.

"Anko, haijaandikwa. Ni kitu ambacho mwandishi kakichukulia ni kweli, hajakisema."

Sasa kama hajasema mimi nitajuaje? Mke wangu akinuna naye hasemi, mwaka wa kumi na sita huu sijapatia hata siku moja!

Nikabahatisha: "Umeme haukatiki." Akacheka mpaka chai ikampalia. Eti si mbaya, ila kwenye majibu matano ya kuchagua halimo. Lililomo ni kwamba hakuna kingine kilichopunguza ajali, labda matuta, labda trafiki wameongezwa. Akanipa na ujanja: chukua dhana, ikanushe. Hoja ikidondoka, ndiyo yenyewe. Ikibaki imesimama, achana nayo.

Nikatoka na elimu yangu mpya mpaka dukani kwa Mangi, ninakokopa. Wiki nzima Mangi hajanidai. Kwa hiyo kasahau. Si unaona? Nikasita kidogo pale kwenye kreti za soda. Dhana yangu: asiyedai amesahau. Haya, kanusha: Mangi hadai, na anakumbuka vizuri tu. Mh. Hoja ikaanza kuyumba. Nikaiacha iyumbe, nikaagiza mkate na sukari nusu.

Mangi akapima sukari kwanza. Halafu akachomoa daftari. Jina langu lina ukurasa wake peke yake, umepigwa mstari mwekundu. Elfu kumi na nne na mia tano. "Nilikuwa nasubiri mwisho wa mwezi, jirani." Mkate ukarudi shelfu. Sukari akaimimina tena kwenye ndoo, taratibu, na foleni nyuma yangu inaangalia.

Kesho mpwa anakuja na maswali mengine kama 25, ya dakika 35. Ukikutana naye njiani, mwambie anko anaumwa.