Sifa za Faili la Ndoa

Kwenye harusi za kwetu Tanga hakuna asiyetajwa. Bibi harusi husifiwa, bwana harusi husifiwa, mshenga hupewa lake, na mpishi wa pilau huimbiwa na kutunzwa hata akiiunguza. Amesahauliwa mmoja tu, na dhuluma hiyo nimeivumilia vya kutosha. Leo nasimama kulisifu faili: lile jalada nene la vyeti, risiti, picha na viapo ambalo Mswahili aliyeoa au kuolewa na raia wa Marekani hulilea kabla hajalea mtoto. Ndilo kubwa la nyumba yetu. Moto ukizuka nitaliokoa faili kwanza, kisha nirudi kumtafuta mume, maana bila faili hata mume mwenyewe hajulikani ni wa nani.

Fadhila zake ndogondogo nitazipitia mbiombio. Limenifunza unyenyekevu: daktari alinipima mwili mzima, majibu akayatia kwenye bahasha iliyofungwa, na mimi mwenye mwili nikakatazwa kuifungua. Limenipa elimu. Anayeomba uraia siku hizi husoma maswali 128, huulizwa hadi 20, na akipatia 12 amefaulu. Nilimuuliza bwana yangu, aliyezaliwa hukohuko, Baraza lao la Wawakilishi lina wabunge wangapi wenye kura. Alifikiri kidogo, akasema, "Wengi." Ni 435, na uraia wake haujatikisika. Limenilinda pia, kwani fomu inauliza kama mtu anakusudia kuishi ndoa ya mitala, swali ambalo shangazi zangu walilipokea kwa vigelegele. Na fomu ya uraia, kwa miaka mingi, ilimtaka mwombaji aseme kama aliwahi kushirikiana na serikali ya Wanazi kati ya 1933 na 1945. Mzaliwa wa Pangani wa miaka ya themanini alipata hapo nafasi adimu ya kuichunguza dhamiri yake.

Hayo ni madogo. Sifa kuu ya faili, ambayo peke yake ingetosha kulitungia wimbo, ni kwamba faili ni kungwi, tena kungwi asiyechoka.

Aliyenifunda mimi, Mungu amrehemu, alinikabidhi kwa mume, akangoja fungate ya siku saba, akachukua kanga zake na kilicho chake, akaenda zake. Faili halikuondoka. Ukipata ukaazi kabla ndoa haijatimiza miaka miwili, unapewa kadi ya masharti ya miaka miwili, na katika siku 90 za mwisho kabla haijaisha mnarudi wote wawili na fomu nyingine, I-751, kueleza kwamba bado mpo na bado mnapendana. Ukitaka uraia kwa njia ya mume unakaa miaka mitatu tangu upate ukaazi, mkiishi pamoja muda wote, wakati wengine hungoja mitano. Kisha faili linafunguliwa upya. Hakuna kungwi wa pwani aliyewahi kukaa chumbani mwa watu muda wote huo. Wangu angeona haya.

Na mafunzo yenyewe! Kungwi alinifunza kusitiri, ya chumbani yaishie chumbani. Faili likanifunza kuyatoa, tena kwa nakala mbili. Kungwi alisema mwanamke awe na kibindo asichokijua mume. Faili likaikataa hekima hiyo, likataka akaunti ya pamoja, bima ya pamoja, mkataba wa nyumba wenye majina yote mawili. Kungwi alisema msilale na hasira. Faili halina neno na hasira zenu, mradi mpige picha. Idi moja tulinuniana tangu asubuhi kwa sababu ya mchele, lakini picha ya siku ile, nikiwa katikati ya mawifi na meno yote nje, ni nguzo mojawapo ya ndoa yetu mbele ya sheria.

Kungwi alinihimiza nimjue mume wangu, bila kunieleza kwa kiasi gani. Faili lilieleza. Afisa akiitilia shaka ndoa anaweza kuwatenganisha, kila mmoja na chumba chake, akawauliza maswali yaleyale: mswaki wa mwenzio una rangi gani, nani hulala upande wa ukutani, jana usiku mlikula nini, nani aliamka kwanza. Basi tulikaririshana. Bwana yangu alipigwa marufuku kununua mswaki mpya hadi siku ya usaili, na chakula cha usiku wa kuamkia siku hiyo kilijadiliwa, kikapitishwa, kikaliwa bila mabadiliko. Nawajua wazee pale Chumbageni walioishi pamoja miaka arobaini ambao wangeanguka kwenye swali la kwanza. Babu hajui mswaki wa bibi una rangi gani, na bibi mwenyewe anasugua kwa mkaa.

Tena upendo wa faili haufi. Raia anayemleta mwenzake hutia saini hati ya udhamini, I-864, akionyesha kipato kisichopungua asilimia 125 ya kiwango rasmi cha umaskini na kuahidi kwamba mwenzake hatashuka chini ya hapo. Ahadi hiyo haivunjwi na talaka. Inakoma mwenza akiwa raia, au akifikisha robo 40 za mwaka za kazi, yaani kama miaka kumi, au akiihama nchi moja kwa moja, au kifo kikiingia kati. Kwetu mtalaka hutunzwa ndani ya eda, na mara nyingi hata hiyo eda yenyewe hupita kavu. Binamu yangu aliyeachwa na watoto watatu aliposikia habari hizi aliniuliza kama fomu hiyo inapatikana Tanga.

Ningeendelea kusifu, ila kuna jambo linanikaa kooni. Ndoa ya kweli huwa na faili baya. Waliooana ndoa ya makaratasi, ile ya kulipana, faili lao linang'aa. Sheria inawatisha kwa kifungo cha hadi miaka mitano na faini ya hadi dola 250,000, kwa hiyo hawabahatishi. Wana picha za ufukweni, wana kadi za siku ya wapendanao, wana ujumbe wa simu wenye "malaika wangu" asubuhi na jioni. Chapisha wa kwetu uone: kurasa kwa kurasa za "maziwa yameisha", "umefika?" na "sawa". Wakili wetu, aliyetoza kwa saa, aliusoma wote akatushauri tuchague sehemu zenye mapenzi zaidi. Nikamwambia hizo ndizo.

Kisha kuna anayesoma. Afisa mmoja alizitazama picha za harusi akauliza mbona upande wa bibi harusi umejaa watu na upande wa bwana harusi wapo wawili. Nauli, bwana mkubwa. Nauli ya Ohio hadi Tanga. Hakujibu, akaandika kitu. Ofisi moja ilitudai cheti ambacho tunayo risiti yake, yenye tarehe, kwamba imekipokea. Tukapeleka kingine. Ikatudai tena. Ukipiga simu unajibiwa na mashine, na mashine inakushukuru kwa subira ambayo hukuitoa. Hapo mimi sicheki, na atakayecheka aje akae kwenye foleni yangu.

Faili lenyewe halina kosa, karatasi haijitumi. Waliolipa ukali huu ni watunga sheria, hasa wa mwaka 1986 walioleta kadi ya masharti ili kuzikomesha ndoa za udanganyifu. Tangu hapo mapenzi hutafutwa kwenye bili, na asiye na bili anaonekana hana mapenzi. Kijana anayebeba boksi usiku kucha na kulala sebuleni kwa wenzake, jina lake halimo kwenye mkataba wa nyumba wala bili ya umeme. Ana mke, wanapendana, na ushahidi alio nao ni yeye mwenyewe.

Baya zaidi ni nani anayeshika ufunguo. Ombi la kwanza, I-130, ni la raia, mwenza anaombewa tu, na kabla halijakamilika raia anaweza kuliondoa. Nimewasikia wanaume wa kwetu, waliopata uraia juzi na kufuata mke nyumbani, wakimwambia "nitayafuta makaratasi yako" kwa sababu chai imechelewa. Tangu 1994 sheria inamruhusu mwenza anayeteswa na raia kujiombea mwenyewe bila mtesaji kujua. Hilo ni jema na naliandika hapa makusudi, kwa kuwa wenye ufunguo hawalisemi. Lakini naye atatakiwa aonyeshe kwamba ndoa ilikuwa ya kweli, kwamba waliishi pamoja, kwamba aliteswa. Aliyetoka usiku na mtoto mgongoni, faili atalibeba kwa mkono upi?

Ndugu nao hawasaidii. Shangazi hupiga simu kila mwezi, na baada ya salamu huuliza, "Mwanangu, makaratasi tayari?" Namwambia bado. Anasikitika, anamwombea afisa dua, anakata simu. Mume wangu ananitendeaje, hilo hajawahi kuliuliza.

Nisije nikaonekana nawasema wa mbali tu. Siku ya kiapo nitaukana utii kwa dola nyingine zote. Mkenya wa kiti cha pili ataapa maneno yaleyale, kisha atarudi Mombasa na pasipoti mbili, kwa Katiba yao ya 2010. Mimi nchi yangu itanifuta siku hiyohiyo, kwani Tanzania haimruhusu mtu mzima uraia pacha. Mama akiugua nitaomba viza, dola 100 kwa mwenye pasipoti ya Marekani, na penye sababu ya safari nitaandika kwamba nakwenda kwetu.

Au nisiape, tuhamie Tanga? Nimeisoma Sheria ya Uraia ya 1995. Kaka yangu akioa Mmarekani, mkewe anaweza kuomba uraia kwa kuwa ni mke wa Mtanzania. Mume wa Mtanzania hakutajwa. Bwana yangu itabidi aombe kama mgeni yeyote aliyeshuka bandarini, ahesabiwe miaka ya kukaa nchini, apimwe tabia na lugha, na Waziri akimkataa hana wajibu wa kutoa sababu, wala uamuzi wake haukatiwi rufaa mahakamani. Nilimsomea vifungu hivyo jana usiku, kimoja baada ya kingine. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza huko kwetu wanataka picha zipi.