Marehemu Amekataa Kufa

Jirani, sogea hapa kwenye benchi nikuambie kitu. Kitu kikifa kabisa, hicho kina heshima. Unalia kidogo, unakitupa nyuma ya nyumba, kuku wanataga ndani, maisha yanaendelea. Shida ni kitu kinachowaka kidogo. Kinawaka, unafurahi, unaita watu waje waone, kinazima. Kikiwaka tena unasema, ah, sasa kimepona. Unatoa pesa. Kinazima. Mimi kompyuta haijanifilisi. Kilichonifilisi ni kuamini kwamba imepona.

Kazi yangu unaijua. Niko na kale kachumba hapa Rodi Kopany, pale barabara ya Homa Bay inakutana na ya Rongo na hii ya kwenda Ndhiwa hadi Karungu. Natoa kopi. Najazia watu ritani za KRA, na wote wanangoja Juni 30 ndiyo waje. Lakini ugali wangu hasa unatoka kwa programu za mazishi. Huku kwetu mtu hazikwi bila programu, na iwe na picha ya rangi na historia ndefu. Familia inakuja Alhamisi jioni, mwili unatoka mochari Ijumaa, Jumamosi ni kuzika. Kompyuta yangu ina wiki nzima ya kuharibika ikitaka. Yenyewe inachagua Alhamisi.

Sasa siku hiyo nimekaa, familia imesimama nyuma yangu, wote, mpaka wajomba. Mama mmoja ananisomea. Naandika: marehemu alizaliwa... Pap! Giza. Nabonyeza kitufe. Inawaka. Naandika tena alizaliwa, namfikisha darasa la tatu. Pap! Jirani, marehemu alizaliwa usiku ule mpaka mamake akachoka. Kufa, hakufa. Kuna wakati tulimvuta hadi akaoa, watu wakashangilia, ikazima kabla hajapata mtoto. Mjomba mmoja akaniuliza, "Omera, kwani wewe husevu?" Nikamwambia nitasevu tukifika mwisho. Nani anasevu mtu nusu?

Wakavuka barabara kwa yule jamaa wa laptopu. Hiyo si neno. Neno ni kwamba risiti ya dipoziti niliyokuwa nimewachapia ilisoma Januari 1, 2009, maana hiyo mashine ikiwaka inaamini iko mwaka huo. Mjomba akaishika, akaivalia miwani, akadai dipoziti yake pamoja na faida ya miaka yote hiyo.

Kesho yake Rodi nzima ilikuwa daktari.

Jamaa wa boda akasema ni stima. Na alikuwa na hoja. Ukuta wa pili kuna kinu cha posho. Mota ikianza kuzunguka, taa zangu zote zinafifia, zile volti 240 tunazolipia zinashuka, sijui zinaenda wapi. Nikanunua stabilaiza. Nzito! Ina taa ya kijani, inalia tik, tik. Kompyuta ikazima huku stabilaiza imewaka vizuri sana. Sasa ilikuwa inazimikia kwenye stima safi.

Fundi wa simu akasema ni virusi. Akaanza kufuta kila kitu aweke upya. Alipofika katikati ikazima. Hapo mwanzo ilikuwa inawaka na faili zangu ndani, sasa ikawa inawaka na maneno meupe tu. Akachukua pesa yake. Alisema kazi ameifanya, kompyuta ndiyo haikumaliza.

Kijana wa chuo akasema ni ramu imeshika uchafu. Akaichomoa, akaisugua na raba ya penseli, akairudisha. Ikawaka. Nikamnunulia soda. Ikazima kabla soda haijafika nusu. Akasema basi ramu ni kidogo, niongeze. Nikaongeza. Ikawa inazima haraka kuliko zamani.

Fundi wa jua kali akasema ni pawa saplai. Akaitoa, akachukua kipande cha waya, akaunganisha tundu la waya wa kijani na la waya mweusi kwenye ile plagi kubwa. Feni ikazunguka. "Unaona? Hii ni nzima. Nunua ingine." Sasa kama ni nzima, mbona ninunue ingine? Akaniangalia vile mwalimu mkuu anaangalia mzazi aliyekuja bila karo. Akasema feni kuzunguka si kitu, shida ni ikibebeshwa mzigo. Nikaona aibu, nikanunua. Mpya nayo ilibeba mzigo vile vile, ikazima vile vile.

Halafu jaduong' mmoja, mzee anayekaa hapo nje kwangu, akaniuliza kama niliinunua kwa mtu aliye hai. Nikamwambia ni mtumba wa Uingereza. Akatikisa kichwa. "Huko sasa nani ataenda kuuliza?"

Jirani, wakati mzuri pekee niliopata na hiyo mashine ni ule usiku wa Agosti 25, 2023, stima ilipopotea karibu Kenya nzima, hadi uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ukawa giza. Watu walilalamika! Mimi nililala fofofo. Kwa mara ya kwanza kompyuta yangu ilikuwa sawa na za wenzangu.

Mwishowe mke wangu, nyar Karungu, akasema niipeleke Homa Bay au nilale nayo huko kazini. Nikaingia matatu nimepakata sipiyu. Konda akasema hicho ni kiti. Nikalipa nauli ya wawili, na yeye akaikalisha dirishani, mimi nikakaa kwenye kibao katikati.

Fundi wa Homa Bay kumbe ni msichana. Hakuigusa. Akaniuliza, "Baba, ukiiwasha huwa inakaa muda gani?" Jirani, Rodi nzima hakuna mtu alikuwa ameniuliza hivyo. Nikamwambia asubuhi inakaa, mchana haikai, na ukiiwasha mara tu ikizima, inakaa muda mfupi zaidi. Akasema, "Hilo ni joto." Akaeleza kwamba kama ingekuwa virusi, isingezima ukiwa kwa ule ukurasa wa mipangilio kabla programu hazijaamka. Akafungua. Vumbi lote la soko la Rodi lilikuwa mle. Feni ya prosesa ilikuwa imevaa blanketi, na mjusi alikuwa amehamia. Ile dawa ya kupitisha joto juu ya prosesa imekauka, imekuwa chokaa. Akasema prosesa ikikaribia nyuzi 100 inajizima yenyewe isiungue. Yaani muda wote huo ilikuwa inajiokoa, na mimi naiwasha tena!

Akapuliza, akapaka dawa mpya kiasi cha punje ya mbaazi, akabadilisha na kale kabetri ka volti 3, ka saa, akarudisha na programu zilizofutwa. Ikapiga benga mchana kutwa pale mezani kwake bila kuzima. Nikarudi nyumbani naimba. Nikaiweka mahali pake. Nikaandika: marehemu alizaliwa... Pap!

Nikampigia. "Baba, umeiweka wapi?" Pembeni, ukutani. "Kuna kitu juu yake?" Hakuna, ni kitambaa tu. "Kitambaa gani?"

Kwani kuna vitambaa vingapi? Kitambaa cha kufuma, cheupe, kina maua, kimekunjwa mara mbili, kinashuka nyuma hadi chini, vumbi lisiingie. Kwetu redio ina kitambaa, jagi lina kitambaa, sasa kompyuta ikae uchi mbele ya watu? Msichana alicheka mpaka kredo ikaisha. Kredo yangu.

Eti nikitoe. Ni rahisi kusema. Kitambaa kilifumwa na mama mkwe, Karungu, kwa mkono wake, na mama mkwe huwa anapita hapo kazini kabla ya kupanda gari. Nyar Karungu ameshasema, "Mama atauliza." Kwa hivyo tumekubaliana: siku za kazi kompyuta inakaa uchi, inawaka kutwa. Mama mkwe akionekana stejini, naizima, naivalisha, tunasalimiana. Mwezi uliopita alikuja Alhamisi. Usiniulize programu ilichapwa wapi.

Sasa niko na stabilaiza, ramu na pawa saplai, vyote vizima, vilinunuliwa kutibu pahali ambapo hapakuwa panauma. Nauza. Bei tutaelewana. Nilianza kwa yule jamaa wa boda, maana stabilaiza lilikuwa wazo lake. Akaiinua, akaipima uzito, akaisifu sana. Amesema angeinunua leo leo, shida ni kwamba kwake hakujaletwa stima.