Handeni yadai toroli lake

Kwa wakuu wa reli, popote walipo,

Mji wa Handeni hauna makuu. Unadai kitu kimoja tu, toroli lake.

Wakuu wasishtuke, Handeni iliwahi kuwa na reli. Wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia, Wajerumani walitandaza kijireli chembamba kutoka Mombo hadi Handeni, mizigo ya reli ya Tanga ipate kusogea upande wa Reli ya Kati. Vyuma vilitoka mashambani kwa walowezi. Matoroli yalisukumwa kwa mikono, na mikono hiyo, wakuu wanajua, haikuwa ya Wajerumani. Juni 1916 majeshi ya Waingereza chini ya Jenerali Smuts yakaingia Handeni, na leo reli hiyo haipo.

Jirani yake, Korogwe, ana nyota kali. Reli iliyoanza Tanga mwaka 1893 ilijikongoja, kampuni iliyoijenga ikaishiwa fedha Muheza, serikali ya kikoloni ikaibeba 1899. Hata hivyo 1902 ikapiga honi Korogwe, na 1911 ikafika Moshi.

Mwaka 1963 ikaja zamu ya kuunganisha reli ya Tanga na Reli ya Kati, wazo lilelile la toroli. Handeni ikajitengeneza, ikakaa barazani kungoja. Reli ikatoka Ruvu, ikapita mashariki ya mji bila hata hodi, ikatokea Mnyusi. Mnyusi iko wapi? Korogwe! Mwenye nacho huongezewa.

Desemba 2019 treni ya abiria kati ya Dar es Salaam na Moshi ilirudi baada ya kimya cha zaidi ya miaka 20. Pongezi. Ila ilipangiwa safari ya usiku, kwa hiyo Milima ya Usambara, ambayo wageni huvuka bahari kuja kuitazama, abiria huipita akikoroma, shingo imeangukia bega la jirani.

Hapo ndipo toroli linaposhinda. Litatembea mchana, maana msukumaji lazima aone mataruma anapokanyaga. Atakayelipanda Handeni kwenda Mombo ataiona milima ikikua mbele yake, polepole mno, hadi aichoke. Treni ya umeme ya Dodoma wabaki nayo wenyewe. Wasukumaji wapo: vijana wa bodaboda wana uzoefu, hasa petroli inapowakatikia njiani.

Majibu yatumwe kwa treni hadi Korogwe. Kutoka hapo, bodaboda atayamalizia.