Mita 27

(Hori la Kilifi, asubuhi. Maji yanakupwa. Kayaki ya plastiki imetia nanga karibu na mikoko. Mwenyewe, Bosi, ametupa mshipi tangu alfajiri na hajapata hata dagaa. Mbele yake kioo cha kutafutia samaki kinameremeta rangi zote za harusi.)

KIOO: Bosi, leo ni leo! Mita 27. Kundi kushoto, kundi kulia. Na huyu mkubwa, kama si chewa basi ni kolekole.

KAYAKI: Mita 27 za wapi, mwenzangu? Mimi kutoka hapa nauona mchanga, na kaa ananikodolea macho.

KIOO: Wewe ni chombo cha kubebea. Mambo ya kina yana wataalamu wake.

BETRI: Mtaalamu, punguza mwanga basi. Nimetoka nyumbani na volti 12.7, sasa nahema.

KIOO: Nilijua tu. Tatizo la safari hii, kama kawaida, ni Betri.

BETRI: Mimi ni wa tatu, bwana. Wawili walionitangulia walifukuzwa kazi kwa kosa hilohilo, wakiwa wazima kabisa. Leo wanawasha taa ya banda la kuku na hakuna kuku aliyelalamika. Na Fyuzi, Mungu amrehemu, alikufa akiwa kazini, ampea zake 3 tu. Fundi akamtupa, akaweka kipande cha waya mahali pake. Siku pakiungua hapa, tutaungua sote.

KIHISI (kutoka chini, kwa sauti hafifu): Jamani, kuna anayenisikia?

KAYAKI: Nani huyo tena?

KIHISI: Mimi Kihisi, niliyegundishwa kwa silikoni hapa sakafuni mwako. Kazi yangu ni kupiga sauti kwenda chini na kusikiliza inaporudi. Katika maji ya chumvi sauti hukimbia karibu mita 1,500 kwa sekunde. Hapa naituma, sijavuta hata pumzi, imesharudi. Hii ni mita moja na ushei. Nimesema tangu asubuhi.

KAYAKI: Mbona hatujakusikia?

KIHISI: Ile plagi nyuma ya Kioo. Chumvi iliingia, shaba ikaota ukoga wa kijani. Maneno yangu yote yanafika pale yanakwama. Na kabla ya hapo nilikaa mwezi mzima nimefungiwa na kiputo cha hewa ndani ya silikoni. Sauti hupenya plastiki bila shida, lakini hewa ikikaa katikati, narudishiwa kelele zangu mwenyewe. Fundi alikuwa anawahi chai.

BILDI (kutoka ndani ya sanduku la ndoana): Sasa wewe Kioo, ikiwa huyu neno lake halikufikii, hao samaki umewatoa wapi?

KIOO: Shikamoo, mzee. Sikujua kama umo humu.

BILDI: Marahaba. Nimeuliza samaki.

KIOO: Mzee, mimi ni mtoto wa dukani. Dukani hakuna bahari, kuna rafu na wateja. Nikafundishwa kwamba nikiwashwa nisisikie chochote kutoka chini, nifungue maonyesho: kina cha kupendeza, samaki wa kunona, mteja atoe pochi. Na sijamdanganya mtu. Nimeandika pale pembeni, kwa Kiingereza, kwamba huu ni mfano tu.

BILDI: Umeandika kwa herufi za ukubwa gani?

KIOO: Za kutomsumbua mtu.

KIHISI: Hata michoro yake inamuumbua. Samaki wa kweli huchorwa kama upinde. Akiingia kwa pembeni yuko mbali, akipita chini yangu husogea karibu, akitoka huwa mbali tena. Hawa wa kwake wana mikia na macho!

KIOO: Bosi anawapenda wenye macho. Ule upinde aliuona siku moja tu, akalowesha kitambaa akanifuta, akidhani nimechubuka.

BETRI: Si umwambie ukweli tu? "Sisikii kitu kutoka chini." Maneno manne.

KIOO: Halafu nile wapi? Juzi nilionyesha vistari viwili mahali pa namba, kwa uaminifu kabisa. Nilipigwa kofi, na palepale akapiga simu dukani kuulizia kioo cha inchi 12. Tangu siku hiyo nimeapa sikai kimya tena. Anayekosea kwa rangi hafukuzwi.

KAYAKI: Dawa yake ni nini hasa?

KIHISI: Mswaki mkuukuu, siki kidogo, pakaushwe, papakwe grisi. Nusu saa.

BETRI: Ndiyo maana hapatapona. Mtu aliyenunua betri tatu utamwambiaje kwamba alihitaji mswaki?

(Kwaruu! Kayaki anakalia mchanga. Bosi anashuka. Maji yanamfika magotini.)

KIOO: Mita 27!

(Bosi anakuna kichwa. Anafungua sanduku, anamtoa Bildi: risasi yenye kamba ya mafundo, fundo moja kila pima, aliyoachiwa na babu yake.)

BILDI: Haya, mjukuu wangu, nishushe. Mimi sichajiwi wala sina plagi. Babu yako alikuwa akinipaka mafuta mazito kwenye tundu la chini, namletea mpaka udongo wa huko, anajua kama yuko juu ya mchanga au tope. Usiku, bila mwezi, alikuwa akifika nyumbani.

(Bosi anamshusha. Bildi anatua karibu na kidole gumba cha mguu wake. Fundo la kwanza halijagusa hata maji. Bosi anamvuta juu, mchanga unadondoka. Anamtazama Bildi. Anamtazama Kioo. Anatazama magoti yake, kwa muda mrefu kidogo.)

BOSI: Loo! Kumbe hata bildi ya babu imeharibika.

(Kioo, kwa shukrani, anamchorea samaki mmoja zaidi, mkubwa kuliko wote. Mwenye macho.)